Mavazi ya Sultani: Uhakiki wa Sifa za Abu al-Mawahib wa Kilwa

Katika darasa lolote la itikadi hapa Dodoma, mwalimu akifika kwenye historia ya dola za kale za Afrika Mashariki, hana budi kujiandaa kwa swali moja. Ndugu kutoka Bahi au Kongwa, ambaye babu zake walilima uwele na kuchunga ng'ombe, atauliza: Sultani wa Kilwa ananihusu nini mimi? Pwani ni mbali, dhahabu yake hatukuichimba, na majumba yake hatukuyajenga. Swali hilo ni la haki, na makala hii inakusudia kulijibu. Lakini kabla ya kulijibu yatupasa kuzihakiki sifa alizopewa sultani huyo kwa muda wa karibu karne saba, maana sifa hizo zimezoeleka kurudiwa kama zilivyo, bila kuulizwa zilitoka wapi na zilimfaa nani.

Sultani tunayemzungumzia ni al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala Kilwa Kisiwani kuanzia mwaka 1310 hivi mpaka 1333 hivi. Watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Katika zama zake Kilwa ilikuwa imeishika biashara ya dhahabu iliyotoka katika nyanda za juu za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo. Ikulu ya Husuni Kubwa ni kazi ya utawala wake, na upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu, wenye kuba na matao, unahesabiwa kuwa wa wakati huo. Sarafu za shaba zenye jina lake zilitumika sokoni, na moja imefukuliwa mbali kabisa na bahari, kwenye magofu ya Great Zimbabwe.

Hayo ni mafanikio ya kweli. Anayeyakana anaifufua kasumba ya mkoloni kwamba Mwafrika hakuwa na historia mpaka alipoletewa. Lakini kuyakubali mafanikio ni jambo moja, na kumsifu mtawala kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyeyaleta ni jambo jingine. Hapo ndipo kazi ya uhakiki inapoanza.

NANI ALIYESHIKA KALAMU

Habari za al-Hasan bin Sulaiman tunazipata hasa katika vyanzo viwili vya maandishi. Cha kwanza ni kitabu cha safari cha Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliyefika Kilwa mwaka 1331 kwa kupitia Mogadishu na Mombasa. Kitabu hicho hakukiandika akiwa Kilwa. Alikisimulia huko Morocco, kikakamilika mwaka 1355, na aliyekitia katika maandishi ni Ibn Juzayy, mwandishi wa mfalme. Chanzo cha pili ni tarikh ya Kilwa, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, wakati enzi ya mji ilikuwa imekwisha vunjwa. Nakala yake tunayoijua ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, Sultani Barghash akampa balozi wa Uingereza John Kirk, na ikachapishwa Uingereza mwaka 1895. Sura nyingine ya habari hizo iliingia katika kitabu cha Mreno João de Barros mwaka 1552.

Tutazame njia yote hiyo. Msomi mgeni aliyekula katika nyumba za wakubwa anamsimulia mwandishi wa mfalme. Mtu wa mji anaandika nasaba za watawala walioanguka. Sultani anampa balozi nakala. Hakuna hatua hata moja ambapo kalamu ilikuwa mkononi mwa mchoma chokaa, baharia, mkulima wa mtama au mtumwa. Hatusemi kwamba waandishi hao walikuwa waongo. Tunasema kwamba waliona kutoka mahali walipoketi. Ndiyo maana tarikh ya Kilwa inatuambia nani alimrithi nani na kwa miaka mingapi, lakini haituelezi chakula cha mji kililimwa na nani.

Hapa Ugogo mambo ni kinyume. Wazee hawakuihesabu miaka kwa majina ya wafalme tu. Waliihesabu pia kwa majina ya njaa. Njaa ya miaka ya 1917 mpaka 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, inajulikana mpaka leo kwa jina lake: Mtunya. Hiyo nayo ni tarikh, ila imetungwa na waliokosa kula. Kada anayetaka kuisoma historia ya Kilwa vizuri aende nayo akiwa na jicho hilo la Ugogo.

HESABU YA MAVAZI

Kisa kinachotumiwa zaidi kuthibitisha ukarimu wa sultani ni hiki anachokisimulia Ibn Battuta. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini kwenda nyumbani kwake, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba mavazi aliyoyavaa. Sultani akakubali. Akaingia ndani, akavaa nguo nyingine, akayatoa yale mavazi, fakiri akayachukua. Watu waliona unyenyekevu mkubwa katika jambo hilo. Kisha mwana wa sultani akayarudisha mavazi yale kutoka kwa fakiri, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyokisifu kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kimesomwa mara nyingi kama mfano wa roho njema. Sisi tukisome kama daftari la hesabu.

Kwanza, kilichokuwa mali ya sultani mwenyewe, yaani mavazi yake, kilirudi nyumbani kwake. Hakupungukiwa na uzi hata mmoja. Pili, kilichotoka ni watu ishirini na meno ya ndovu, vitu ambavyo yeye hakuvizalisha. Tatu, nusu ya watumwa na pembe zote zilitolewa baada ya sultani kusikia sifa. Zawadi ya pili haikujibu shida ya fakiri, maana fakiri alikuwa amekwisha fidiwa. Ilijibu makofi ya umma. Nne, msimuliaji anatueleza sultani alikuwa anatoka wapi, fakiri alikuwa mtu wa wapi, na ilikuwa siku gani ya juma. Juma hilo watu ishirini walihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, wala hatuambiwi jina la hata mmoja wao, wala kwao, wala lugha yake.

Walitoka wapi? Ibn Battuta mwenyewe, katika kurasa hizo hizo, anasema kwamba sultani alikuwa akiishambulia mara kwa mara nchi ya Wazanj, yaani watu wa bara jirani, na kuchukua ngawira. Anamsifu kwamba aliitenga sehemu ya tano ya ngawira na kuitumia kama sheria ya dini ilivyoagiza, na fungu la masharifu aliliweka kando mpaka wanapofika kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko. Ni haki basi kudhani kwamba baadhi ya watu wale ishirini walikuwa matunda ya mashambulizi hayo.

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Hatuihukumu dini, wala imani ya mtu haimo katika uchambuzi huu. Sultani alikuwa mcha Mungu. Tarikh inasema kwamba alihiji na kwamba alisoma Aden, na Ibn Battuta alimwona akiketi na mafakiri na kula nao. Hatuna sababu ya kuukataa ushahidi huo. Tunachosema ni kwamba msimuliaji aliikagua kwa makini njia ya kugawa mali, lakini njia ya kuipata mali aliipita kwa sentensi moja. Aliuliza: je, amegawa kwa haki? Hakuuliza: je, walionyang'anywa wangesemaje? Huo ndio mpaka wa fikra za tabaka lake, na ndio mpaka ambao sisi hatuna budi kuuvuka.

GHALA NA KIFO CHA MTOAJI

Jiwe linashuhudia kuliko kalamu. Husuni Kubwa imejengwa juu ya mwamba unaoitazama bahari, nje ya mji, mahali ambapo mtawala hakubanana na watu wake. Ina vyumba zaidi ya mia moja, na birika la kuogea lenye pembe nane. Upande wa kusini pana ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, ambao mchimbuzi Neville Chittick, aliyefanya kazi huko katika miaka ya 1960, aliuona kuwa ni mahali pa biashara na kuhifadhia bidhaa. Kwa maneno mengine, ikulu na ghala vilikuwa jengo moja. Mtawala ndiye aliyekuwa mfanyabiashara mkuu, na mfanyabiashara mkuu ndiye aliyekuwa dola. Huu si ukabaila wa kukodisha mashamba tunaousoma katika historia ya Ulaya, na kosa la kunakili majina ya Ulaya bila kuchunguza linafaa kuepukwa. Ni utawala wa tabaka lililokaa mlangoni kati ya bara na bahari, likatoza kila kilichopita mlangoni hapo.

Mlinda mlango hazalishi mali. Dhahabu ilichimbwa na watu wa nyanda za Zimbabwe. Pembe ziliwindwa na watu wa bara. Matumbawe yalichongwa, na chokaa ikachomwa, na mafundi na vibarua wa Kilwa. Chakula kililimwa na wakulima. Watu wa kawaida wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo, na Ibn Battuta mwenyewe, aliyeusifu mji kwa uzuri wake, alisema nyumba zake ni za miti. Husuni Kubwa ilikuwa kitu cha pekee, na haikukamilika. Ilihamwa baada ya muda mfupi.

Ndiyo maana tunaona kwamba ile sehemu ya mwisho ya simulizi ya Ibn Battuta imesomwa vibaya. Anasema kwamba baada ya kufa al-Hasan, alitawala ndugu yake Daudi, ambaye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akimjia, Daudi alimjibu kwamba yule aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa miezi mingi wakipewa kidogo, mpaka wakaacha kuja. Msimuliaji anaona hapo tabia mbili: mmoja karimu, mmoja bahili. Lakini kama maneno ya Daudi yalisemwa hivyo, yanaweza kuwa taarifa ya mweka hazina kuliko ubahili. Ndugu yake alikuwa ametoa, na alikuwa amejenga. Sifa zilikwenda kaburini na aliyesifiwa. Deni likabaki kwa aliyefuata. Hukumu juu ya mtawala isingoje tabia ya mrithi wake. Iangalie alichokiacha ghalani, na ghala lile lilijazwa na jasho la nani.

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitoza Kilwa kodi ya dhahabu kwa mtutu wa mzinga, na mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida wakauteka na kuupora mji. Kwa dhahabu ya kodi ile, mfalme Manuel wa Ureno aliagiza chombo kitukufu cha kanisa, kilichokamilika mwaka 1506, na ambacho mpaka leo kimo katika jumba la makumbusho huko Lisbon. Mfalme yule akasifiwa kwa zawadi yake kwa kanisa. Tazama: dini nyingine, bara jingine, na hesabu ile ile. Baba wa Vipawa alikuwa amepata mwenzake.

MAKOSA MAWILI YA UHAKIKI

Katika kumjadili sultani huyu, makada na wanafunzi huangukia makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kusema: yule alikuwa mgeni, basi tumwache. Ukoo wa Mahdali ulijinasibisha na Yemen, na waasisi wa kale wa Kilwa walijinasibisha na Shiraz. Wakoloni waliyapenda madai hayo kwa sababu yaliwasaidia kusema kwamba kila jiwe lililosimama pwani liliwekwa na mgeni. Uchunguzi wa chembe za urithi za watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, Kilwa ikiwamo, uliotangazwa mwaka 2023, umeonyesha kwamba watu hao walitokana na pande zote mbili: upande wa akina mama ulikuwa kwa wingi wa Kiafrika, na kwa upande wa akina baba wengi walikuwa na asili ya Uajemi. Basi Kilwa ilikuwa ya watu wa hapa, waliochanganyika na waliofika. Unyonyaji wake haukuletwa na damu ya kigeni, na ujuzi wake haukuletwa na damu ya kigeni. Anayetafuta tabaka katika rangi ya ngozi hataliona tabaka kamwe.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo: kuigeuza Kilwa kuwa zama za dhahabu na kujivunia masultani kana kwamba sote tulikaa nao mezani. Shirika la UNESCO liliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, na ni wajibu wetu kuyatunza. Lakini urithi wetu katika Husuni Kubwa ni mikono iliyoijenga. Ujuzi wa fundi aliyelipanga birika la pembe nane ni wetu. Majivuno ya aliyeoga humo si lazima tuyarithi.

NGUO ILIYOFIKA UGOGO

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa Bahi. Ni kweli kwamba mashambulizi ya al-Hasan hayakufika hapa, na atakayesema yalifika atakuwa anatunga. Lakini kitu kimoja kilifika, na kinaweza kufuatwa kama uzi. Kitu hicho ni nguo.

Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba mwasisi wa mji, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa mtawala wa bara kwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Iwe kisa au historia, maana yake ni wazi: ardhi ya jumuiya ilibadilishwa na mtu mmoja kwa nguo. Kisha yakaja mavazi ya Abu al-Mawahib, yaliyonunuliwa kwa watu ishirini. Na katika karne ya 19, chini ya dola nyingine kabisa, ile ya masultani wa Zanzibar, misafara ya pembe na watumwa ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaikata Ugogo kuelekea Unyanyembe na Ujiji. Ugogo ni nchi kame. Msafara ulihitaji maji na chakula, na watemi wakatoza ushuru: nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya. Ushuru huo uliitwa hongo.

Wapo wanaoisifu hongo kama ushujaa wa Wagogo mbele ya matajiri wa pwani, na ndani yake mna ukweli: nchi iliwalazimisha wapitaji kuiheshimu. Lakini uhakiki haukubali nusu ya ukweli. Nguo zilifika kwanza mikononi mwa mtemi, na aliyechota maji na aliyetoa nafaka walimtazamia yeye. Na mlolongo wa watu waliofungwa ulipita, ushuru ukalipwa, ukaendelea na safari. Mtemi naye alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa na Husuni yake ndogo ya miti na udongo.

Lugha haisahau. Neno hongo, lililokuwa jina la ushuru halali wa njia, leo ni jina la rushwa. Watu wenyewe waliligeuza neno kwa sababu waliuona ukweli uliokuwamo.

FUNDISHO KWA KADA

Tabia hii haikufa na masultani wala na utemi, ambao Serikali iliufuta Tanganyika mwaka 1963. Azimio la Arusha la 1967 liliweka masharti ya uongozi kwa sababu lilijua kwamba kiongozi hawezi kuketi mlangoni na ghalani kwa wakati mmoja. Mwongozo wa 1971 ulimkemea kiongozi mwenye majivuno na ubadhirifu. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti yale yalilegezwa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ilihitaji hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2006 kuitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Takrima na ukarimu ni maneno ya shina moja. Kwa miaka kadhaa Baba wa Vipawa alikuwa na kifungu chake katika sheria za nchi hii, na si wapinzani wetu waliokiweka humo. Hilo hatuna budi kulisema sisi wenyewe, maana chama kisichojikosoa huachia kazi hiyo wengine.

Kwa hiyo kada asiuulize ukarimu wa kiongozi kwa kutazama uso wa aliyepewa, ambao daima utakuwa na furaha. Aliyepewa khanga, kofia au kilo ya sukari hana kosa la kuwa na shida, kama vile fakiri wa Yemen hakuwa na kosa la kukosa nguo. Swali liende kwa mtoaji, nalo lina sehemu tatu. Kitu hiki kimezalishwa na nani? Kimefikaje mkononi mwako? Na kesho, makofi yakiisha, ghalani kumebaki nini na kwa ajili ya nani? Kiongozi aliyechimba kisima kwa fedha za umma hakutoa zawadi. Amerudisha mali kwa mwenyewe, na aseme hivyo. Cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hasifiwi kwa kuitoa, hulaumiwa akiizuia.

Hilo ndilo jibu kwa ndugu wa Bahi. Sultani wa Kilwa hakuja Ugogo, lakini mavazi yake yamefika, na kila baada ya miaka mitano yanagawiwa upya katika viwanja vya mikutano. Siku yatakapoletwa kijijini kwake, asimame na kuwauliza watu ishirini wako wapi.